Gofu ilizaliwa baridini, si juani

MWEZI wa Julai ukibisha hodi hapa Nairobi huwa na ishara zake. Jua hujificha siku tatu au nne mfululizo, sweta zilizosahaulika hutolewa sandukuni, na wauza mitumba wa Gikomba huacha kuitia watu fulana wakaanza kuwaitia makoti. Ukipanda matatu ya kwenda Limuru alfajiri utaona ukungu umelala juu ya michai kama blanketi. Na ndani ya ukungu huo, ukitazama vizuri, utaona watu wazima, wengine wenye mvi, wakikanyaga nyasi zilizolowa umande huku wakikifuata kijipira kidogo kuliko yai la kuku.

Wengi wetu tukiwaona hucheka. Husema hao ni matajiri wasiojua la kufanya na Jumamosi yao. Gofu, kwa fikira za walio wengi, ni mchezo wa jua: kofia nyeupe, miwani myeusi na soda baridi kivulini. Anayeucheza wakati meno yanagongana huonekana kama mtu aliyekosea majira.

Hasha! Ukifuata historia, waliokosea majira ni wale wa miwani myeusi. Mchezo huu ulizaliwa baridini, ukalelewa na upepo wa Bahari ya Kaskazini, na kwa karne kadhaa watu waliucheza hasa katika majira ya baridi, wakauweka kando joto lilipofika. Leo nataka tuutembelee kule kwao, Scotland, kisha turudi nyumbani, maana najua kuna mzazi anayesoma ukurasa huu ambaye mwanawe amekwisha kumwomba ruhusa ya kwenda uwanjani likizo ya Agosti.

Tuanze na mfalme. Mwaka wa 1457 bunge la Scotland, chini ya Mfalme James wa Pili, lilipiga marufuku gofu pamoja na kandanda. Sababu? Vijana walikuwa wakizurura na fimbo na mipira badala ya kufanya mazoezi ya kupiga mishale, ilhali adui, yaani Uingereza, alikuwa mlangoni. Inaonekana amri hiyo haikusikizwa sana, kwa sababu ilibidi itolewe tena mwaka wa 1471 na tena mwaka wa 1491. Kichekesho ni kwamba mfalme aliyekuwa akitawala mwaka huo wa 1491, James wa Nne, mwenyewe alinunua fimbo za gofu mwaka wa 1502 mjini Perth. Na aliyemuuzia, msomaji, alikuwa fundi wa kutengeneza pinde!

Sasa kwa nini baridini? Jibu ni nyasi tu. Scotland ina vipande vya ardhi kati ya bahari na mashamba, ardhi ya mchanga na vilima vidogo vidogo isiyofaa kulima. Hapo ndipo watu walipochezea. Msimu wa joto, nyasi za mahali hapo hurefuka mpaka mpira ukitumbukia humo huupati hata ukiita ukoo mzima. Hakukuwa na mashine ya kuzikata. Waliokuwepo ni kondoo na sungura, na hao hula watakapo, si pale mchezaji anapotaka. Lakini majira ya baridi yakifika nyasi huacha kukua, hulala chini, na kondoo hupata nafasi ya kuzimaliza. Isitoshe, mchanga hunywa maji ya mvua upesi, kwa hivyo ardhi ya pwani hukauka wakati mashamba ya bara yamegeuka matope.

Mambo yalianza kubadilika mwaka wa 1830 Mwingereza mmoja, Edwin Budding, alipobuni mashine ya kukata nyasi. Ilichukua miaka mingi kufika viwanjani kote, lakini ilipofika, gofu ilihamia kwenye jua, na sisi tuliozaliwa baadaye tukadhani hapo ndipo kwao.

Waholanzi nao walikuwa na mchezo wao unaofanana na huu, wakiuita kolf. Wataalamu bado wanavutana kama huo ndio mama wa gofu au ni shangazi tu. Lakini ukibahatika kuona picha za mchoraji Hendrick Avercamp, aliyefariki mwaka wa 1634, utaona mito iliyoganda, watu wamevaa majoho mazito, na katikati yao mabwana wanalenga mpira kwa fimbo juu ya barafu. Miaka hiyo baridi ya Ulaya ilikuwa kali kuliko ya leo, na mito iligandishwa ikawa barabara na uwanja wa michezo. Avercamp mwenyewe alikuwa bubu. Pengine ndiyo sababu aliona mengi hivyo.

Hata shindano kuu kuliko yote, lile la wazi la Uingereza ambalo siku hizi huchezwa Julai, halikuanza wakati wa joto. La kwanza lilichezwa Prestwick tarehe 17 Oktoba 1860, wakati majani ya miti kule yanaanguka. Wachezaji walikuwa wanane tu. Walizunguka uwanja wa mashimo 12 mara tatu kwa siku moja, na Willie Park akashinda kwa mikwaju 174.

Na sasa, msomaji, nikusimulie kisa ambacho kila nikikifikiria hunifanya nivute koti.

Katika mji wa St Andrews kulikuwa na mtu aitwaye Tom Morris, mtunzaji wa uwanja na bingwa wa shindano hilo mara nne. Alikuwa na mwana aliyepewa jina lilo hilo, na watu wakamwita Tommy ili kumtofautisha na mzee. Tommy alizaliwa mwaka wa 1851. Mwaka wa 1868, akiwa na miaka 17, umri ambao wetu wengi huwa bado wanahangaika na mitihani ya sekondari, alishinda shindano kuu. Mwaka uliofuata akashinda tena. Mwaka wa 1870 akashinda mara ya tatu, na kwa kuwa sheria ilisema anayeshinda mara tatu mfululizo huuchukua mkanda wa ubingwa uwe wake milele, aliuchukua akaenda nao nyumbani. Mwaka wa 1871 hapakuwa na shindano, maana hapakuwa na zawadi! Liliporudi mwaka wa 1872 mshindi alikuwa nani? Tommy. Jina lake ndilo la kwanza lililochorwa kwenye lile jagi la fedha ambalo mabingwa huinua hadi leo.

Septemba mwaka wa 1875, Tommy na baba yake walikuwa North Berwick, ng'ambo ya ghuba, wakicheza dhidi ya Willie Park na nduguye Mungo. Nyumbani Tommy alikuwa amemwacha mkewe, Margaret, mja mzito. Walikuwa hawajatimiza mwaka mmoja wa ndoa. Mchezo ukiwa unaelekea ukingoni telegramu ikafika: mke amezidiwa na uchungu wa uzazi, njoo upesi. Mchezo ulimalizwa, baba na mwana wakashinda, kisha wakavushwa ghuba kwa mashua kwa kuwa njia ya garimoshi ingechukua muda mrefu zaidi. Tommy alipofika nyumbani alikuta mama na mtoto wote wamekwisha kuaga dunia.

Ungedhani baada ya hapo mtu hatashika fimbo tena. Lakini mwisho wa Novemba mwaka huo huo Tommy alikubali changamoto ya kijana mmoja kutoka kusini mwa Uingereza, Arthur Molesworth. Mapatano yalikuwa ya kutisha: siku sita, raundi mbili kila siku, uwanja wa St Andrews, na Tommy amtangulize mpinzani wake kwa mikwaju ya bure. Pesa zilikuwa zimewekwa mezani. Theluji ikaanguka.

Jaribu kuiona picha hiyo. Desemba ya St Andrews jua huchomoza karibu saa mbili na dakika arobaini asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Mwanga wa siku nzima ni kama saa saba tu. Theluji ililazimika kufagiliwa kwenye grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo, ili mpira upate kuviringika. Mipira ya siku hizo ilikuwa ya utomvu mgumu wa miti ya Malaya, na kwenye baridi utomvu huo huwa mkavu, ukipigwa vibaya hupasuka. Ilibidi kuwe na sheria kwamba mpira ukivunjika, uendelee pale kipande kikubwa kilipoangukia. Wangeweza kuahirisha. Hawakuahirisha, na Tommy akashinda.

Asubuhi ya Krismasi mwaka wa 1875 alikutwa kitandani nyumbani kwa baba yake, amekufa. Alikuwa na miaka 24.

Waganga walisema mshipa wa damu ulipasuka katika pafu. Watu wa mji walisema amekufa kwa moyo uliovunjika, na hivyo ndivyo inavyosimuliwa mpaka leo kwa sababu husikika vizuri. Wengine wakailaumu ile juma ya theluji. Mimi si daktari, lakini hadithi ya moyo kuvunjika naiona inawaondolea lawama watu wengi mno. Kijana amezika mke na mtoto Septemba. Novemba wanaume wazima wanamwekea dau kwenye theluji na kusimama kando wamevaa makoti mazito kutazama. Hata kama baridi haikumuua, hapakuwa na mmoja wa kumwambia nenda nyumbani ukaote moto?

Mzee Tom aliishi hadi mwaka wa 1908. Vyama 60 vya gofu vilichanga kumjengea Tommy mnara kwenye makaburi ya kanisa kuu lililobomoka la St Andrews. Wageni huupiga picha, fimbo ikiwa mkononi mwa sanamu.

Tukitoka hapo, tuangalie baridi hufanya nini hasa kwenye mchezo wenyewe, maana kuna somo la fizikia hapa ambalo mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kumweleza baba yake mezani.

Hewa baridi hujibana. Hewa ya nyuzi 0 ni nzito kwa karibu asilimia 9 kuliko hewa ya nyuzi 25, shinikizo likiwa lile lile. Mpira unaopita ndani yake hukutana na ukinzani zaidi, kama mtu anayejaribu kupita katikati ya umati wa stendi ya mabasi badala ya barabara tupu. Zaidi ya hayo mpira wenyewe, ambao leo kiini chake ni aina ya mpira wa viwandani, ukipoa hukakamaa na haurukiki vyema kwenye uso wa fimbo. Na mpigaji naye amevaa sweta mbili na koti, mabega hayageuki. Ukijumlisha hewa na mpira peke yake, mchezaji hupoteza yadi tatu au nne kwa kila nyuzi 10 zinazoshuka. Sweta ni hasara juu ya hasara.

Hapa Mkenya ana tatizo la ziada. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Limuru iko juu zaidi ya mita 2,000. Hewa yetu ni nyepesi, na mpira wetu huruka mbali kuliko wa watu wa pwani, kwa Nairobi asilimia 6 hivi. Mchezaji wa hapa aliyezoea kujisifu kwa mkwaju wa yadi 200 akienda St Andrews mwezi wa Januari atapoteza yadi 12 kwa sababu ya kushuka usawa wa bahari, kisha yadi nyingine saba au nane kwa sababu ya baridi. Asimlaumu mtu wala asibadilishe fimbo. Achukue fimbo ndefu zaidi na apige taratibu, maana katika baridi mwenye haraka huumiza mgongo.

Ajabu ni kwamba mpira ukishaanguka mambo hugeuka. Ardhi iliyoganda ni ngumu kama lami. Mpira uliokufa hewani hufufuka chini, ukaruka na kukimbia mpaka ukapita grini na kuingia vichakani. Ndiyo sababu wazee wa Scotland hupendelea kuupiga mpira chini chini wakati wa baridi, ukaviringika kama wa watoto wa mtaani, badala ya kuurusha juu utekwe na upepo.

Halafu kuna sakitu, ile baridi nyeupe kama unga inayoshika nyasi usiku wa mbingu tupu. Mkulima wa viazi wa Kinangop haitaji kufundishwa habari za sakitu. Analala shamba likiwa kijani, anaamka, na jua likishapanda majani yanakuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Maji yaliyomo ndani ya mmea yameganda na kuupasua kutoka ndani. Nyasi za gofu ni mmea kama kiazi. Zikiwa zimeganda na mtu akazikanyaga, huvunjika, na baada ya siku chache nyayo zake huonekana zimechorwa uwanjani kwa rangi ya kahawia, na zinaweza kubaki hapo majuma kadhaa. Ndiyo maana kule Ulaya na Marekani mtunzaji wa uwanja akisema ngojeni, hata awe waziri anangoja. Hatari zaidi ni pale tabaka la juu linapoyeyuka na chini bado kumeganda: mguu ukiteleza hukata mizizi kama kisu. Viwanja vingi hufunga grini zao wakati huo na kuchimba mashimo ya muda kwenye nyasi za kawaida. Wachezaji hunung'unika, lakini hucheza.

Sheria za mchezo zimeyafikiria haya. Theluji au barafu ya asili ikiwa chini ya mpira wako, unaweza kuiondoa kama uondoavyo jani kavu, au kuihesabu kama dimbwi la mvua na kuusogeza mpira bila adhabu. Hiari ni yako. Lakini sakitu na umande havimo katika ruhusa hiyo. Hivyo unavicheza kama vilivyo. Na wajanja waliofikiria kuupasha mpira moto ili uruke zaidi wamezibiwa njia: ukipiga mpira uliopashwa moto makusudi, unaondolewa mashindanoni. Ila hakuna anayekukataza kuacha mipira yako ilale ndani ya nyumba badala ya kuiacha usiku kucha katika buti la gari.

Wapo waliofika mbali zaidi kwa uchu wa mchezo huu. Mwandishi Rudyard Kipling, alipokuwa akiishi Vermont nchini Marekani kati ya mwaka wa 1892 na 1896, aliipaka mipira yake rangi nyekundu ili aione kwenye theluji. Kule Uummannaq, kisiwa cha Greenland kilicho ndani kabisa ya ukanda wa Aktiki, kuanzia miaka ya 1990 palichezwa mashindano juu ya bahari iliyoganda, kwa mipira ya rangi ya chungwa. Grini hazikuwa kijani, bila shaka, kwa hivyo walizipa jina la nyeupe. Mimi naona hapo burudani imekwisha na imebaki sifa, lakini kila mtu na starehe yake.

Turudi kwetu. Mzazi, mwanao akitaka kwenda kujifunza gofu asubuhi ya Agosti yenye manyunyu, usimkataze kwa sababu ya baridi. Mvalishe nguo nyepesi tatu zilizopandana badala ya koti moja zito, kwa sababu hewa iliyonaswa kati ya nguo ndiyo inayotunza joto, na atakapoanza kutoka jasho ataweza kuvua moja. Ya ndani isiwe ya pamba ikiwa unayo nyingine, maana pamba ikilowa jasho hukaa na ubaridi wake. Kofia ya sufi, soksi kavu za akiba mfukoni, na chai ya tangawizi katika chupa. Atembee kwa haraka au azungushe mikono dakika 10 kabla ya kupiga mpira wa kwanza. Mikono iliyokufa ganzi haijui imeshika nini, na fimbo iliyomponyoka mtoto inaweza kumvunja mwenzake jino.

Baba naye, hasa mwenye shinikizo la damu, ajue kwamba mishipa hubana kwenye baridi na moyo hufanya kazi zaidi. Asitoke kitandani saa kumi na mbili, akaruka ndani ya gari na kwenda moja kwa moja kupiga mpira kwa nguvu zote. Na lile koo la pombe linalopigwa eti kuleta joto ni udanganyifu. Damu hukimbilia kwenye ngozi, unajisikia moto, kumbe joto la ndani ndilo linalotoroka.

Kuna mtu mwingine ambaye sijamtaja, na ndiye aliyenifanya niandike. Ukienda kwenye uwanja wowote wa gofu asubuhi ya baridi utamkuta amefika kabla ya kila mtu. Ni kedi, yule anayebeba mfuko wa fimbo. Amekuja kwa miguu tangu saa kumi na moja, anangoja nje ya lango apangiwe mchezaji, na hajui kama leo atapangiwa. Bwana atakapofika atakuwa na glavu, koti lisilopitisha maji na mwavuli mkubwa. Kedi atakuwa na shati, labda fulana juu yake, na viatu ambavyo umande umekwisha kuingia ndani. Mchezo wa mashimo 18 ni saa nne au zaidi. Anayepiga anapata joto kila anapopiga. Anayesimama kushikilia bendera hapati.

Katika nchi hii wachezaji wengi wa kulipwa walianza hivyo hivyo, wakibeba fimbo za wengine. Wengi wa wanaobeba leo ni vijana wanaotafuta karo au wazazi wanaomlipia mtoto karo, na baadhi ni wasomaji wa ukurasa huu. Bwana anayeweza kulipa ada ya klabu kwa mwaka anaweza kununua koti moja la mvua la kedi wake. Halifiki bei ya mipira anayoipoteza vichakani kwa msimu mmoja. Na klabu inayojenga baa ya pili inaweza kujenga kibanda chenye jiko la makaa na birika la uji karibu na lango. Mwenye mfuko akiwa anatetemeka, hata fimbo atakayokupa itakuwa ile ya karibu, si ile inayofaa.

Mwisho niwaambie jambo wanafunzi wanaoota kusoma ng'ambo. Uwanja mkongwe wa St Andrews si mali ya tajiri yeyote. Ni ardhi ya umma, na wakazi wa mji huo pamoja na wanafunzi wa chuo kikuu chake, kilichoanzishwa zaidi ya miaka 600 iliyopita, hupata tiketi ya mwaka kwa bei ambayo mgeni wa kiangazi hawezi hata kuiota. Majira ya baridi wageni hupungua, na kijana mwenye fimbo za mitumba anaweza kujikuta anatembea alipotembea Tommy. Atapewa masharti mamoja: kuanzia Novemba hadi Machi lazima abebe kipande kidogo cha mkeka, na mpira ukianguka kwenye nyasi za njia kuu auweke juu ya mkeka kabla ya kuupiga, ili nyasi zilizolala zisichubuliwe.

Ila asiende Jumapili. Jumapili uwanja huo hufungwa, isipokuwa siku chache za mashindano makubwa. Husimuliwa kwamba mzee Tom Morris aliwaambia wachezaji kwamba kama wao hawahitaji kupumzika siku ya Bwana, uwanja unahitaji. Kwa hivyo leo, wakati wewe unasoma gazeti hili, hakuna mpira unaopigwa pale. Watu wa mji wanapita katikati ya grini na mbwa wao, kina mama wanasukuma vigari vya watoto, na wazee wamefunga skafu hadi masikioni wakielekea ufukweni kutazama bahari.